Saini ya Mama Mkwe Kwenye Mpira Wangu

Nina mpira mmoja wa besiboli wenye saini ishirini na tatu za wachezaji wa timu moja ya zamani ya mji huu, na zote nimezifuata kwa miguu yangu mwenyewe. Nimesimama nje ya hoteli theluji ikinijaa kwenye kola, nimesimama nje ya geti la uwanja jua likinichoma utosi, na siku moja kule Thornhill nilimsubiri mzee mmoja amalize supu yake mgahawani, na alipoimaliza akaagiza nyingine. Miaka tisa, mwenzangu. Mke wangu husema kama ningemfukuzia yeye kwa bidii hiyo wakati wa uchumba, tungeoana mapema zaidi.

Watu wa kwetu hunicheka, nami siwalaumu. Mtanzania mzima, fundi wa mashine za kufulia, tumbo mbele, nakimbizana na wazee wa watu kwa ajili ya mwandiko wao! Tena nikiri kabisa, mchezo wenyewe siujui vizuri. Naujua kama unavyomjua jirani wa ghorofa ya juu, kwa vishindo tu. Lakini kazi yangu ya kwanza Toronto ilikuwa kufagia majukwaa ya uwanja baada ya mechi, na siku moja mchezaji aliyechelewa kutoka alinirushia mpira aliokwisha kuusaini, akanipungia mkono, akaenda zake. Mimi nikadhani amenipa nimshikie. Nilisimama saa nzima karibu na mlango wa vyumba vya kubadilishia nguo, fagio mkono huu, mpira mkono ule, nikimsubiri arudi kuchukua mali yake, mpaka msimamizi wangu aliponieleza huku amejishika mbavu. Ugonjwa ukaanzia hapo.

Sasa, wakusanyaji wa saini wana taratibu zao, na wanazishika kuliko waumini wengi ninaowajua. Unatumia kalamu ya kawaida ya wino wa bluu, siyo makapeni, zile kalamu nene za kuandikia maboksi, kwa sababu wino wa makapeni hutawanyika kwenye ngozi. Huushiki mpira na mikono iliyotoka kula. Huuweki juani. Na kubwa kuliko yote, mishono ya mpira wa besiboli inajipinda, na kuna mahali inakaribiana mpaka inabaki nafasi nyembamba, upana wa vidole viwili hivi. Hapo ndipo meza kuu. Kwenye mpira wa timu nzima, wachezaji wengine husaini pembeni, na pale katikati anaachiwa mkubwa wao.

Mkubwa wa timu yangu alikuwa mrushaji, yaani yule anayesimama katikati ya uwanja na kumtupia mpira mwenye gongo. Alistaafu zamani, akahamia mbali huko magharibi, akawa haonekani hadharani. Wachezaji wote ishirini na watatu niliwaomba wasiguse pale katikati. Mmoja nilimshika mkono kabisa, akaniangalia vibaya. Nafasi ikabaki nyeupe, miaka tisa, ikimsubiri mtu mmoja.

Halafu mwaka huu mwenye duka la vitu vya wakusanyaji kule Agincourt akanipigia simu. Ni mzee wa Kichina, maneno yake machache, anaufahamu udhaifu wangu wote. Akasema, "Anakuja." Sikuuliza nani. Angekuwa kwenye ukumbi ulio nyuma ya duka Jumamosi moja, kwa saa mbili tu, halafu arudi kwake, na watu wake walikuwa wamesema hatakuja tena. Nilicheza jikoni peke yangu, mwiko mkononi.

Na mwezi huohuo ndipo mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Iringa.

Nimweleze huyu mama. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi miaka mingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mfupi, mnyoofu, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Siku nilipokwenda kuposa, wazee walizungumza yao na kucheka yao, yeye akaniuliza swali moja tu: "Wewe kijana, ukikosea huwa unasema?" Nikajibu kwamba huwa sikosei. Loo! Sijui nilipatwa na nini. Kuanzia siku hiyo, kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa, alipokuwa akipiga simu kumjulia hali binti yake aliuliza, "Na huyo hajambo?" Mimi ndiye huyo. Niliezeka nyumba yake upya, huyo. Nilimtumia mashine ya kupimia presha, huyo. Kwetu mkwe humjibu, humkatizi, wala huthubutu kumwambia amekosea, kwa hiyo nilikuwa nimekaa kimya na u-huyo wangu miaka yote hiyo nikiumia chinichini. Nilitaka siku moja tu aniseme vizuri. Mwanaume mzima, nalitaka neno zuri la mama mkwe kama mtoto anavyotaka peremende.

Alifika, tukampokea, akaikagua nyumba yetu ya Malvern kuanzia chooni hadi kwenye friji, akawashika binti zetu wawili, ambao wanaelewa Kiswahili lakini wanajibu Kiingereza, akaanza kuwapa imla kila jioni. Mimi nilitembea kwa kunyata.

Jumapili moja, siku sita kabla ya ile Jumamosi, tulikuwa sebuleni mimi na yeye tu. Mazungumzo yalituishia. Hali ya hewa tulishaimaliza, afya za ndugu tumeshazimaliza. Nikaona bora nimwonyeshe mpira wangu. Nikautoa kwenye kisanduku chake cha plastiki, nikauweka mezani juu ya kitambaa safi, na kando yake nikaweka kalamu ya bluu, ile nzuri niliyomtayarishia mrushaji. Nikasema, "Mama, hawa wote wametia saini kwa mikono yao. Ni watu wakubwa hapa mjini." Akavaa miwani. Akauzungusha taratibu, akisoma. "Na hapa katikati?" akauliza. Nikasema, "Hapo bado, mama." Mara simu ikalia, mteja wangu mmoja, mashine inamwaga maji hadi ukumbini kwa jirani. Nikatoka nje kumtuliza.

Msomaji wangu kama umewahi kuingia ofisi ya mwalimu mkuu kule nyumbani, umeshajua kilichotokea. Mezani kuna daftari kubwa lenye jalada gumu, kitabu cha wageni. Awe mkaguzi, awe mkuu wa wilaya, awe mzazi aliyekuja kugombana, kabla ya chai na kabla ya shida yako unaletewa kitabu na kalamu. Unaandika tarehe, jina, cheo, maoni, unasaini. Kumwonyesha mgeni saini za watu wakubwa waliotangulia, ukamwekea na kalamu, halafu usitake asaini, hilo kwa mama mkwe wangu ni tusi. Na yeye hakuwa amekuja kutukanwa.

Niliporudi alikuwa anakifunga kifuniko cha kalamu.

"Nimeshasaini," akasema. "Mmenitunzia nafasi nzuri. Asanteni."

Niliuangalia ule mpira. Pale katikati, kwenye meza kuu, kwa mwandiko mdogo ulionyooka wa ubaoni, palikuwa na tarehe. Chini yake majina yake yote matatu. Chini yake, Mwl. Mkuu Mstaafu. Chini yake neno moja, *Nimeridhika*, kisha saini yake, imepigwa mstari mara mbili na nukta mbili chini.

Jamani. Nikakaa bila kukaribishwa.

"Tena umefanya la adabu," akaendelea. "Umenitolea kitabu chenu, umenitolea na kalamu, halafu ukatoka ili niandike kwa nafasi yangu. Wengine wanamsimamia mtu begani kusoma anachoandika."

"Asante, mama," nikasema. Ungetaka niseme nini kingine?

Sasa uone mtego wangu. Miaka kumi na mmoja nimelilia neno, neno limekuja. Ameridhika! Yeye! Na lile neno limekaa juu ya nafasi pekee duniani ambayo sikutaka likae. Nilikwenda chumbani nikamweleza mke wangu kwa kunong'ona. Akaangua kicheko, akajiziba kwa mto, akacheka kwenye mto hadi kitanda kikatikisika.

"Kamwambie amekosea," akasema alipopata pumzi.

"Mwambie wewe, ni mama yako."

"Mpira wa nani?"

"Wangu."

"Haya basi. Mimi simo."

Jumatatu nikapeleka mpira Agincourt. Mzee wa duka akauchukua kwa glovu zake nyeupe, akauweka chini ya taa, akasogeza lenzi jichoni. Akasoma katikati kwa muda mrefu.

"Huyu simfahamu," akasema. "Alicheza nafasi gani?"

"Mwalimu mkuu," nikasema.

Hakucheka. Yule mzee hachekagi, ndiyo maana anaaminiwa. Aliniambia kuna dawa anayo, akienda nayo taratibu kwa pamba, wino mbichi wa siku moja unaweza kutoka wote, utabaki uvuli kidogo ambao hauonekani ila kwa mtu anayeutafuta. Ila apewe mpaka Ijumaa. Nikamwachia mpira, nikatoka nikipiga mluzi. Nilifika kwenye gari ndipo nikakumbuka kwamba kile kisanduku cha plastiki kiko sebuleni, kitupu, na mama mkwe anakipitia kila asubuhi akienda kunywa chai.

Na kweli. Nilipofika nyumbani alikuwa na wageni, kina mama wanne wa kanisani waliokuja kumwona. Akaniambia mbele yao, "Baba, hebu niletee ule mpira wenu, niwaonyeshe nilipoandika."

Baba! Siyo huyo, baba! Nilifurahi na kuogopa kwa mpigo mmoja. Nikasema mpira umepelekwa kutengenezewa kisanduku kipya, kile cha zamani kinapitisha vumbi. Utarudi Alhamisi. Uongo ulinitoka laini, hata mimi mwenyewe niliuamini kidogo.

Hapo ndipo shetani alipokaa nami mezani. Nilitaka vyote viwili, nakwambia wazi. Nilitaka nafasi iwe nyeupe Jumamosi kwa ajili ya mrushaji, na nilitaka mama aendelee kuliona neno lake sebuleni mpaka siku ya kupanda ndege. Nikajiambia, kwani kuna shida gani kuwa na mipira miwili?

Alhamisi asubuhi mke wangu yuko kazini, watoto shuleni, mama amechukuliwa na kina mama wake kwenda kwenye maombi. Nikafunga mlango wa jikoni. Nilikuwa na mpira mpya, nikauloweka kidogo kwenye chai ya rangi ili uzeeke, nikaukausha kwa ile mashine ya mke wangu ya kukaushia nywele. Picha za mpira wa kweli ninazo kwenye simu. Nikaanza kughushi. Saini za wachezaji hazikunisumbua hata kidogo, zile ni mikwaruzo tu, wenyewe husaini huku wanatembea. Mbili tatu zilitoka nzuri kuliko za wenyewe. Nilijipongeza kwa sauti.

Kazi ilikuwa kwa mama. Ule mwandiko hauna mchezo. Nilijaribu kwanza nyuma ya bahasha. *Nimeridhika, Nimeridhika, Nimeridhika.* Mara kumi na mbili, hivi. Na sitadanganya hapa angalau, nilisikia raha kuliandika. Mtu asiyewahi kusifiwa akipewa kalamu ajisifu, huwa haachi upesi. Mwisho nikalihamishia kwenye mpira, nikapiga mistari miwili, nikaweka nukta mbili, nikautia kisandukuni, bahasha nikaichana vipande vidogo nikaifukia chini kabisa ya pipa la taka. Mke wangu aliporudi akauangalia, akaniangalia, akasema tena kwamba yeye hayumo.

Ijumaa asubuhi nilikuwa navaa viatu niende kazini.

"Baba, hebu njoo," sauti ikaita sebuleni.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao, siyo kwenye kochi. Mpira upo mezani. Miwani ipo machoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hii saini ni ya nani?"

"Ya kwako, mama."

"Rudia."

Nilijikuta nimeweka mikono nyuma, wallahi, nimesimama kama darasa la tano.

"Miaka yangu yote ya kazi," akasema, "nimeletewa ripoti zilizosainiwa na wazazi ambao hawajaziona. Watoto wanaiga saini ya baba, wanaiga ya mama, mmoja aliiga ya bibi yake ambaye hakujua kuandika. Wote wana kosa moja. Wanaandika polepole. Mtu haandiki jina lake polepole." Akaunusa mpira. "Na huu unanuka majani ya chai. Wa kwangu uko wapi?"

Nikamwambia uko kwa fundi, Agincourt.

"Anaufanyia nini?"

Nilijaribu kutafuta njia ya kuzunguka, nikakuta zimefungwa zote. "Anafuta pale katikati, mama."

Nilitegemea anifokee, na ningeshukuru. Badala yake alivua miwani akaifuta kwa ncha ya khanga, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo.

"Mnanifuta."

"Siyo wewe, mama, ni..."

"Niliandika nimeridhika. Unajua nimewahi kuandika hivyo mara ngapi kwenye vitabu vya watu? Nawaza wiki nzima kama nimeona ya kutosha. Umelifuta, halafu ukakaa hapa jikoni ukajiandikia mwenyewe." Akaniangalia usoni. "Umejiandikia radhi mwenyewe, baba?"

Aibu iliyonishika sijapata kuisikia tena. Akainuka, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango bila kuubamiza, na kwenye chai hakutoka.

Nikampigia mzee wa duka, nikamwambia aache, asifute. Akasema amekwisha kufuta jana, imetoka vizuri, ameridhika sana na kazi yake. Nikakata simu. Watu wote walikuwa wanaridhika isipokuwa yule niliyemtaka. Sikwenda kazini. Nilikaa kwenye ngazi nje ya mlango wake, na saa moja baadaye niligonga, na kupitia mlangoni nikamweleza kila kitu kuanzia mwanzo: meza kuu, mrushaji, miaka tisa, mpaka supu ya Thornhill. Nikamwambia siku ile ya Jumapili nilipaswa kusema palepale, na sikusema kwa sababu namwogopa.

Mlango ukafunguka.

"Kumbe nimeandika kwenye karatasi ya mtihani ya mtu mwingine," akasema. "Ungesema, ningeomba radhi mimi. Ni kosa langu, siyo lako. Lako ni haya mengine yote." Akavuta khanga yake vizuri. "Tangu siku ya posa naona unaniogopa. Mtu anayeniogopa hunificha mambo, na mimi mwanangu nimempa mtu huyo. Sasa lile neno, la kweli umelifuta, la uongo nimelikataa. Neno langu huna. Kesho nitakwenda na wewe nikamwone huyo mkubwa."

Basi Jumamosi tukaenda, yeye na kitenge chake na koti la baridi la mke wangu lililomfika miguuni. Mzee wa duka alinikabidhi mpira wangu. Katikati palikuwa peupe kabisa, ila ukiuinamisha kwenye mwanga ulikuwepo uvuli wa bluu, hafifu. Foleni ilikuwa ndefu, ikasogea vibaya, mpaka mama alipomgusa bega jitu moja lililojipenyeza mbele na kulionyesha mwisho wa mstari. Lilikwenda. Nilikuwa nimeushika mpira kwa kitambaa, na kusema kweli kwa zile dakika arobaini nilisahau hata kusikitika.

Tulipobakiza watu wanne ndipo nikaliona bango dogo mezani. *Picha tu.*

Mrushaji alikuwa mzee mkubwa wa mwili, shati limepigwa pasi, mkono wake wa kulia umelazwa mapajani ukitetemeka wenyewe. Binti yake, mama wa makamo, alikuwa akimwekea picha mbele, akimshikia kiganja, na mzee akichora alama ndefu iliyopinda. Zamu yangu ilipofika binti aliuona mpira akatikisa kichwa kwa upole. Mipira baba hawezi tena, akasema. Ni ya duara, mkono unateleza. Mwaka wa tatu sasa.

Machozi yalinijia, nikayameza. Nilikuwa nimefuta neno la mama kwa ajili ya saini ambayo haikuwepo.

"Amesemaje?" mama akauliza. Kiingereza anakijua, alitaka kulisikia kutoka kwangu. Nikamwambia. Nikangoja aseme nimeyataka, na angekuwa na haki. Hakusema.

Yule mzee akanyoosha mkono wa kushoto, akautaka mpira auone. Akauzungusha taratibu karibu na uso wake, akitaja majina ya wenzake kimoyomoyo, midomo inacheza. Wengine aliwacheka, mmoja alimtukana. Alipofika katikati akasimama. Akauinamisha kwenye mwanga.

"Palikuwa na mtu hapa," akasema.

"Nilikuwa mimi," mama akajibu, kwa kile Kiingereza chake cha ubaoni kinachotamka kila herufi. "Niliingia chumba kisicho changu."

"Nani amekufuta?"

Mama akaninyooshea kidevu.

Mzee akaniangalia, kisha akamwangalia mama, akaanza kucheka taratibu, mabega yanapanda na kushuka. Akasema nafasi ile yeye haiwezi tena, Mungu shahidi, na haitakiwi ikae wazi. Akasukuma kalamu mezani hadi mbele ya mama.

Mama hakuigusa. Akanigeukia. "Mpira ni wako. Unasemaje?"

Niliiangalia ile nafasi nyeupe. Nilijua nikisema ngoja, atangoja, na hatanilaumu, na nitakaa na weupe wangu kisandukuni mpaka nife.

"Andika, mama."

"Niandike nini?"

"Unachokiona."

Binti wa mzee akampisha kiti. Mama akakaa, akavaa miwani, na mzee akaushika mpira kwa mkono wake wa kushoto, ule usiotetemeka, ili mpira usicheze. Aliandika kwa muda mrefu. Nyuma yetu watu wakaanza kunung'unika, mama akainua kidole kimoja bila kugeuka, ukumbi ukatulia. Kisha akapuliza wino, akanipa.

Tarehe ya siku hiyo. Majina yake yote matatu. Mwl. Mkuu Mstaafu. Na chini yake, kwa mwandiko ulionyooka kama wa siku ile: *Anajitahidi. Aache kunakili.*

Nilisoma mara mbili, nikacheka, machozi niliyoyameza yakatoka yote kwa pamoja. Mzee akataka kujua imeandikwa nini. Foleni nayo ikasogea kusikia.

"Ameandika kwamba ameridhika sana na mimi," nikamwambia kwa Kiingereza.

Mama alikuwa anakifunga kifuniko cha kalamu.

"Baba," akasema bila kuinua kichwa, "tafsiri upya."

Nikatafsiri upya, neno kwa neno, mbele ya watu wote.